Siasa katika kundi la kazini: mwajiri anaweza kukataza nini?

Tuseme wewe ni muuguzi katika hospitali ya kibinafsi mjini Nakuru. Katika kundi la WhatsApp la wodi, ambamo msimamizi huweka orodha ya zamu, mwenzako anatuma bango la mgombea wake. Hakuna anayemkanya. Kesho yake unatuma la mpinzani, na kabla ya chai ya saa nne umeshatolewa kundini. Jioni unaitwa ofisini.

Kundi la kazini ni chombo cha kazi. Mwajiri ana ruhusa ya kusema humo ni habari za wagonjwa na zamu tu, na naona ni amri ya busara: muuguzi wa usiku anayemtafuta wa kumpokea hafai kuchakura katikati ya mabango. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya inalinda uhuru wako wa kujieleza, lakini hilo halimaanishi kila ukumbi ni wa kampeni.

Tatizo ni amri inayokugusa wewe na kumruka mwenzako. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya maoni ya kisiasa, na ukilalamika mahakamani, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Kifungu cha 46 kinaongeza kuwa maoni yako ya kisiasa si sababu halali ya kukufuta kazi. Wala kutolewa kundini si jambo dogo ikiwa zamu hutangazwa humo. Omba orodha kwa maandishi siku hiyo hiyo, usije ukaandikiwa barua ya utoro kwa zamu ambayo hukuijua.

Piga picha za skrini mapema, za mabango yote mawili, tarehe na saa zikionekana; ujumbe hufutwa. Ukiitwa kujieleza, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Ulinzi huu hauhusu uchochezi. Ukitukana kabila la watu, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweza kukufikisha kortini hata kama kundi ni la watu wachache. Na muuguzi wa kaunti yumo katika hali tofauti kabisa: Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inamkataza mtumishi wa umma kuonyesha hadharani kwamba anaunga mkono au anapinga chama au mgombea.

Ukifutwa, una miezi 3 ya kulalamika kwa afisa wa leba, na miaka 3 ya kushtaki. Fidia yaweza kufikia mshahara wa miezi 12. Wakikuwekea mezani barua ya kujiuzulu uitie sahihi, usiitie kabla ya kumwona wakili au chama chako.