Kizuia Mlio cha Bunduki na Sheria Yake

Uchukuliwe mfano wa kijana wa Dandora, katika upande wa mashariki wa Nairobi, ambaye riziki yake ni kuokota chuma chakavu katika jalala kubwa la huko. Siku moja apata bomba fupi la chuma jeusi, urefu wake kama shubiri. Ndani yake mna visahani vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kina tundu katikati, na mwisho mmoja wa bomba una hesi za kufungia. Kwenye mzani wa mnunuzi wa chuma kitu hicho hakifikii hata kilo moja. Lakini mtu mmoja amwita kando na kumwambia, “Usikiuze huko, ndugu yangu. Nipe mimi, nitakulipa elfu tano, wala usimwambie mtu.”

Kijana aenda kwa mzee jirani yake na kumwuliza, “Mzee, hiki ni kitu gani?”

Mzee akitazama, kisha asema, “Jina lake silijui, mwanangu. Lakini kitu cha halali hakinunuliwi kwa kunong’ona.”

Mzee huyo amesema kweli. Kitu hicho ni kizuia mlio cha bunduki, ambacho wengine hukiita sailensa. Yafaa kila mtu ajue sheria inasema nini juu yake, maana asiyejua anaweza kupoteza miaka ya maisha yake kwa sababu ya kipande cha chuma.

NAMNA KINAVYOFANYA KAZI

Risasi inapotoka bundukini, nyuma yake hutoka hewa yenye moto na nguvu nyingi. Hewa hiyo ikikutana ghafula na hewa ya nje, hufanya kishindo. Kizuia mlio hufungwa mdomoni mwa bunduki. Hewa ya moto huingia katika vyumba vidogo vilivyo kati ya visahani, hupungua nguvu na kupoa, kisha hutoka polepole.

Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya chombo hiki mwaka 1909. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya Maksimu, ambayo Afrika ya Mashariki iliijua sana wakati wakoloni walipoingia.

Isidhaniwe kwamba bunduki yenye kizuia mlio huwa kimya kabisa kama katika sinema. Mlio wa bunduki hufikia kadiri ya desibeli 160, na chombo hiki hupunguza desibeli 20 mpaka 35 hivi. Tena risasi iendayo kwa kasi kuliko sauti hupasua hewa kwa kishindo chake yenyewe, nacho hakizuiliki. Kwa sababu hiyo, katika nchi kama Finland na Norway wawindaji hutumia vizuia mlio ili kuyalinda masikio yao.

SHERIA YA KENYA

Silaha nchini Kenya hutawaliwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, iliyoanza kazi katika miaka ya 1950 na kurekebishwa mara nyingi baadaye. Jambo la kushika ni hili: katika sheria hiyo, neno “silaha” si bunduki nzima peke yake. Limeingiza pia sehemu kubwa za bunduki kama mtutu, na chombo chochote kilichotengenezwa ili kupunguza mlio au mwako wake. Kwa hiyo basi, mwenye kizuia mlio mkononi ahesabiwa kuwa ana silaha, hata kama hajawahi kushika bunduki maishani mwake.

Tena kosa ni kuwa nacho tu. Haisaidii kusema, “Sikumdhuru mtu.” Wazee wa Kenya wanakumbuka jinsi sheria za Hali ya Hatari zilivyokuwa kali juu ya jambo hili: Dedan Kimathi alihukumiwa kwa kukutwa na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Adhabu ya kukutwa na silaha bila cheti siku hizi si kifo, lakini ni kifungo cha miaka mingi.

NJIA YA HALALI

Atakaye silaha ya aina yoyote hufuata mpango huu.

Kwanza, huomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Ni lazima aonyeshe sababu njema ya kuhitaji silaha ile. Kupenda tu si sababu.

Pili, huchunguzwa. Alama za vidole vyake hutazamwa ili ijulikane kama amepata kufungwa. Sheria yakataza kumpa cheti mlevi, mtu mwenye ugonjwa wa akili, au yeyote asiyefaa kuaminiwa na silaha. Tena hupasa ajue kuitumia bila kuhatarisha wengine.

Tatu, akikubaliwa, hupewa cheti kinachotaja ni silaha gani aliyoruhusiwa. Cheti cha bastola si ruhusa ya kununua kizuia mlio; ni lazima chombo hicho nacho kiwe kimeruhusiwa. Bodi yaweza kukataa, na kukataa huko si dhuluma, kwa maana silaha si haki ya kila mtu.

Nne, hununua kwa mwuza silaha aliyeandikishwa, wala si kwa mtu mwingine. Akitaka kuleta chombo kutoka nchi za nje, hutafuta kibali kabla hakijafika.

Tano, hukiweka mahali salama. Kikipotea au kuibwa, hutoa habari kwa polisi mara moja.

Mtu hawezi kununua kwanza na kuomba ruhusa baadaye. Hata Marekani, ambako bunduki ni nyingi mno, mnunuzi wa kizuia mlio hutoa alama za vidole na picha yake, na chombo hubaki kwa mwuzaji mpaka serikali ikubali. Sheria ya mwaka 1934 iliweka kodi ya dola 200 juu ya kila kimoja. Kodi hiyo iliondolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2026, lakini kuandikisha hakukuondolewa.

KWA NINI SHERIA NI KALI

Kuwinda wanyama wa porini kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo sababu ya mwindaji wa Finland haipo hapa. Kinyume chake, askari wa mbuga husikiliza milio ya bunduki ili wawafuate majangili wa pembe za ndovu na vifaru. Vivyo hivyo katika mitaa yenye watu wengi kama Dandora: mlio wa bunduki usiku huwaamsha majirani na kuwajulisha kwamba kuna hatari. Anayetaka kuunyamazisha mlio huo kwa siri, mara nyingi ataka pia wasijue alilotenda.

LA KUFANYA

Mwokota chuma akiona kitu kama hiki, asikitie gunia, asikiuze, wala asikichukue nyumbani. Akiache mahali kilipo na kumwita chifu au polisi. Simu ya 999 au 112 hupokea habari za namna hiyo. Ikiwa amekwisha kukichukua kwa kutojua, asikifiche. Awape habari upesi, nao watamwambia namna ya kukikabidhi.

Fundi wa kukereza chuma, kama wale wa karakana za Kariobangi, naye ajihadhari. Mtu akimletea mchoro wa bomba lenye visahani na hesi, na kumwahidi fedha nyingi, akatae. Kutengeneza silaha bila kuandikishwa ni kosa kama kuinunua.

MASWALI

1. Kwa nini kizuia mlio chahesabiwa kuwa silaha?

2. Mtu mwenye cheti cha bastola ataka kizuia mlio. Inampasa afanye nini kwanza?

3. Yule kijana wa Dandora alipewa ahadi ya shilingi elfu tano. Kama angezipokea, ni nini ambacho angeweza kupoteza?