Stesheni ya Zigi: Tujifunze Kuisoma Nyumba Tunayoipita

Mkazi wa Bulwa au wa Amani anaposhuka kwenda Muheza, hufika Zigi mahali ambapo makorongo ya mlima yanaanza kulegea na hewa ya joto ya bondeni inaanza kusikika. Hapo, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ipo nyumba ya kale iliyojengwa zama za Wajerumani kwa ajili ya mkuu wa stesheni ya reli. Nyumba hiyo ilikarabatiwa na kufanywa kituo cha taarifa chenye maonesho ya historia ya eneo hili, misitu yake na viumbe wake. Wageni kutoka ng'ambo huingia humo wakiwa na madaftari. Sisi wenyeji hubaki garini tukisubiri safari iendelee.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: stesheni ya reli ilitafuta nini katikati ya msitu? Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, tawi dogo lilichepuka Tengeni na kufuata bonde la mto Zigi kwa takriban kilomita 23, likakomea hapa. Shehena yake kubwa ilikuwa mbao na magogo. Reli hiyo haikujengwa ili mtu wa mlimani aende kumjulia hali nduguye wa Tanga. Ilijengwa ili mali ya mlima ishuke bandarini. Leo mataruma na vyuma havipo tena, na nyumba ya mkuu wa stesheni imebaki kuwa shahidi wa safari hizo.

Jambo la pili liko juu zaidi, lakini halitengani na Zigi. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha Amani taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, chini ya usimamizi wa Franz Stuhlmann. Bustani zake za majaribio zilitandazwa kuanzia uwanda wa Zigi hadi vilima vya Amani, ili mimea ipendayo joto ipate bonde na ile ipendayo baridi ipate mwinuko. Atembeaye kwa miguu kutoka stesheni hadi Amani hupita katika shamba darasa ambalo limeachwa likue litakavyo. Miti ya kwinini ilipandwa huko, na Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, Amani ilitengeneza dawa ya malaria kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani. Waingereza walipoichukua nchi waliendeleza utafiti wa kilimo, na baada ya utafiti huo kuhamishiwa Kenya, Amani ikawa makao ya uchunguzi wa malaria. Hivyo wazee wetu wengi waliijua Amani kwa mbu kuliko kwa miti.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu historia ya namna hii huelekea kuwataja mabwana shamba na wataalamu, ikawasahau waliobeba mizigo. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na aliyekosa fedha alilazimika kuitafuta kwa kibarua. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, utaratibu wa kadi ulianzishwa mwaka 1907: mwanamume mzima alitakiwa kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Mashamba ya Usambara yalivuta pia vibarua kutoka mbali, hata Unyamwezi na Usukuma. Baadhi ya majina ya koo zisizo za Kishambaa wala za Kibondei yanayosikika hadi leo katika maeneo ya mashamba yana asili yake katika safari za namna hiyo. Mwalimu anayepeleka wanafunzi Zigi na awaulize: babu wa babu yako alikuja hapa kwa njia ipi?

Swali la tatu ni la majina. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alikusanya ua dogo la zambarau limeao kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata likaingia vitabuni kwa jina la Saintpaulia, na sasa hupambwa madirishani duniani kote. Bibi zetu walilikanyaga wakienda kuchota maji.

Wapo pia wageni waliobaki. Mhesi, mti uliopandwa Amani enzi za ukoloni, umeenea msituni hasa palipokatwa miti, na hondohondo ndio husambaza mbegu zake. Kuutofautisha na miti ya asili ni somo zuri la nusu saa kwa kijana yeyote, maana ukishaujua utauona kila upande.

Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Maji ya mto Zigi hulihudumia Jiji la Tanga, na hiyo ni sababu nzito ya kuulinda msitu. Hata hivyo, ulinzi nao una gharama zake. Ziko familia upande wa Derema zilizoacha mashamba ya iliki ili msitu uunganishwe, na simulizi zao ni sehemu ya historia hii kama ilivyo reli.

Kwa wanaotaka kwenda, wahudumu wa lango la Zigi hueleza utaratibu wa viingilio na waongozaji. Vikundi vya shule ni vyema vitoe taarifa mapema. Tengeni muda wa kutosha, kwani maelezo ya ukutani husomwa polepole. Ikiwezekana, mchukueni mzee mmoja aliyefanya kazi mashambani au katika kituo cha malaria, aketi barazani mwa stesheni, nanyi mwandike anayoyasema pamoja na tarehe na mahali.