Somo la 31: Pikipiki ya zamani na baridi ya asubuhi

1. Majira ya baridi

Watu wengine wanadhani kwamba katika Kongo hakuna baridi. Wakaaji wa Katanga hawasemi hivyo. Mji wa Lubumbashi uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa nane mvua hainyeshi, na usiku baridi inauma. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi nyingi digri hazifiki 10. Mama wanajifunga vitambaa viwili, wazee wanavaa makoti, na watoto wanazunguka mbabula kama vifaranga wanavyomzunguka mama yao.

Kwa nini baridi hii? Mawingu ni kama blanketi juu ya nchi. Wakati wa mvua yanaizuia joto ya udongo isipande juu. Wakati wa kiangazi mbingu ni safi, hakuna blanketi, na joto yote ya mchana inakimbia usiku. Kwa hiyo saa ya baridi kuu si usiku wa manane. Ni alfajiri, wakati jua linapotaka kutoka. Na saa hiyo ndiyo saa ya wafanyakazi kwenda kazini.

2. Mtu na pikipiki yake

Kipushi ni mji wa mgodi, karibu na mpaka wa Zambia. Toka Kipushi mpaka Lubumbashi ni kilomita 30 hivi. Seremala mmoja anakaa Kipushi na kufanya kazi Lubumbashi. Kila siku anakwenda kwa pikipiki. Kazi inaanza saa moja asubuhi. Anayechelewa anakatwa mshahara, na anayechelewa mara nyingi anapoteza kazi.

Pikipiki yake ni ya zamani. Haina kompyuta wala kifungo cha kuiwasha. Inawashwa kwa mguu. Majirani wanaicheka, lakini pikipiki hiyo imelipa masomo ya watoto wanne. Seremala anaitunza kama mkulima anavyotunza jembe lake.

Hata pikipiki ya zamani ni kitu kipya katika historia ya watu. Ile ya kwanza ya kutumia esansi ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler pamoja na Wilhelm Maybach. Mwili wake ulikuwa wa mbao! Lakini moteri yake ilifuata njia ile ile: hewa na esansi vinachanganyika, vinawaka, vinasukuma chuma, na gurudumu linazunguka.

3. Kwa nini moteri inakataa kuamka?

Mtoto wa seremala anaamka pamoja naye kumsaidia. Asubuhi moja pikipiki ilikohoa, ikanyamaza. Mtoto akauliza:

— Baba, jana mchana iliwaka mara moja. Kwa nini sasa inakataa? Imeharibika?

— Haikuharibika, mwanangu. Inasikia baridi kama wewe. Angalia chupa ya mawese ya mama yako. Mchana mafuta yanamwagika kama maji. Na sasa?

Mtoto akageuza chupa. Mawese yalikuwa yameganda, hayakutoka.

— Ndivyo yalivyo mafuta ya moteri, akasema baba. Hayagandi kama mawese, lakini yanakuwa mazito. Vyuma vya ndani vinapita kwa shida, na mguu wangu unapata kazi kubwa.

Sababu ya pili ni esansi yenyewe. Esansi ya majimaji haiwaki vizuri ndani ya moteri. Lazima igeuke kwanza kuwa mvuke na kuchanganyika na hewa. Joto inaigeuza upesi, baridi inaikawiza, kama vile nguo inavyokauka upesi juani na kukawia kivulini.

Sababu ya tatu ni bateri. Ndani ya bateri umeme unazaliwa kwa dawa zinazofanya kazi pamoja, na baridi inazifanya ziwe goigoi. Bateri iliyozeeka inaweza kuwa na nguvu mchana na kukosa nguvu alfajiri.

4. Namna ya kuiamsha

Pikipiki mpya nyingi zina kompyuta ndogo. Inapima baridi na kuongeza esansi yenyewe. Katika pikipiki ya zamani mwenye pikipiki ndiye anayepima na kufikiri. Seremala anafanya hivi:

Jioni anajaza tanki. Tanki nusu tupu ina hewa ndani, na hewa ina unyevu. Usiku unyevu unageuka matone. Maji ni mazito kuliko esansi, basi yanashuka chini na kuingia katika moteri ya kwanza. Tena anafunika pikipiki kwa turubai, umande usilowanishe nyaya za umeme.

Asubuhi anakanyaga kikanyagio mara mbili tatu bila kufungua umeme. Hivyo mafuta yanaanza kutembea.

Halafu anavuta kifuniko cha hewa kwenye karibirateri. Hewa inapungua na esansi inazidi, mchanganyiko unawaka hata katika baridi. Anafungua umeme, anakanyaga kwa nguvu mara moja.

Moteri ikiwaka, haipigishi kelele. Anaiacha izunguke polepole kidogo, mafuta yapande mpaka juu. Halafu anarudisha kifuniko cha hewa kidogo kidogo. Asiyekirudisha anakula esansi bure, na buji inajaa masizi meusi.

Moteri ikikataa, hakasiriki. Kukanyaga na kukanyaga tena kunaleta esansi nyingi, na buji inalowa. Basi anaitoa buji, anaipangusa kwa kitambaa kikavu, anaisugua mdomo, anairudisha. Hawashi kiberiti wala hasogezi mbabula karibu. Mvuke wa esansi hauonekani, lakini unashika moto kwa mbali.

5. Moshi unaoua kimya

Siku nyingine baridi ilizidi. Mtoto akasema:

— Baba, upepo huu ni mbaya. Tuingize pikipiki nyumbani, tufunge mlango, uiwashe ndani. Itapata joto upesi, na sisi vile vile.

Seremala akaacha kazi yake, akamtazama.

— Mwanangu, ungefanya hivyo, mama yako na wadogo zako wasingeamka tena.

Mtoto akaogopa. Baba akamfahamisha. Katika moshi wa moteri mna hewa moja mbaya inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Mtu akiivuta, inaingia katika damu na kukaa mahali pa hewa njema. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, tumbo linachafuka, miguu inalegea, usingizi unakuja. Aliyelala ndiye anayekufa kwanza, kwa maana hasikii kitu.

Hewa hiyo hiyo inatoka katika makala ya mbabula. Kwa hiyo moteri inawashwa nje daima, na mbabula hailazwi ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama baridi inauma namna gani. Mtu akionekana amelegea katika nyumba yenye moshi wa namna hiyo, fungueni milango, mtoeni nje penye hewa safi, na iteni watu wakubwa wampeleke hospitali.

Toka siku ile mtoto yule ndiye anayetazama kila jioni kama mbabula imetolewa nje.

6. Upepo wa safari

Saa kumi na mbili seremala anaondoka. Jua halijatoka. Hewa ina digri 8. Lakini mtu anayekwenda kilomita 50 kwa saa anapigwa na upepo wa kilomita 50 kwa saa, hata kama majani ya miti hayatikisiki. Upepo huo unaondoa joto ya ngozi upesi. Uso wake unasikia kama hewa ina digri 3 tu.

Vidole vinaumia kwanza. Viko mbele, vimeshika chuma, na viko mbali na moyo. Mwili ukiona baridi, unarudisha damu kifuani kulinda moyo na mapafu. Vidole vinakufa ganzi. Hapo ndipo hatari. Mkono wa kuume ndio unaokamata freni ya mbele. Kilomita 50 kwa saa ni mita 14 hivi kwa sekunde moja. Kidole kikikawia sekunde moja tu, pikipiki imekwisha kupita mita 14 bila kufunga. Katika mita 14 mtoto anaweza kuvuka barabara, mbuzi anaweza kuruka, lori linaweza kusimama.

Basi seremala anavaa hivi: shati, halafu sweta, halafu koti lisilopitisha upepo. Kati ya sweta na koti anaweka gazeti la zamani kifuani. Karatasi inazuia upepo, na hewa iliyokaa kati ya kurasa inatunza joto. Shingoni anafunga kitambaa na kuficha ncha zake ndani ya koti, zisinaswe na gurudumu. Mikononi ana mifuko ya ngozi, machoni miwani, miguuni viatu virefu. Kichwani ana kofia ngumu, siku ya baridi na siku ya joto.

7. Njiani

Kabla ya kupanda anabonyeza mipira ya magurudumu. Katika baridi hewa ya ndani inajikunja, na mpira unalegea kidogo. Mpira uliolegea unayumba katika kona. Anatazama taa vile vile, kwa sababu barabara bado ni giza, na watu wengi wanatembea kando yake kwa miguu na kwa kinga.

Dakika za kwanza anakwenda polepole, maana mafuta bado mazito na mipira bado baridi. Katika mabonde anapunguza mwendo tena. Hewa ya baridi ni nzito, inatelemka mabondeni kama maji, na mara nyingine ukungu unalala juu ya barabara.

Karibu saa kumi na mbili na nusu jua linatoka. Ni furaha, lakini ni hatari mpya. Lubumbashi iko upande wa mashariki wa Kipushi, basi jua linampiga seremala machoni. Vumbi la kiangazi na moshi wa majani yanayochomwa vinazidi kumfumba. Anashuka mwendo, anakaa upande wake wa kuume.

Nusu ya njia anasimama. Anaruka ruka, anazungusha mikono kama mtu anayetwanga, mpaka damu inarudi vidoleni. Hagusi bomba la moshi kwa kupata joto. Mkono wenye ganzi hausikii moto, na ngozi inaungua bila mwenyewe kujua.

Siku moja kijana mmoja mwenye pikipiki mpya alimkuta pale, akamwuliza:

— Shikamoo mzee. Pikipiki imekufa? Nikusaidie?

— Marahaba, mwanangu. Pikipiki ni nzima. Ninaponyesha mikono yangu. Yako inasikia freni?

Kijana akajaribu kukunja vidole, havikukunjika. Akazima moteri yake, akashuka, akaanza kuruka pamoja na mzee. Halafu wakaenda pamoja, polepole, mpaka mjini. Saa moja ilipolia, seremala alikuwa mbele ya meza yake, na randa mkononi.

Wazee walisema: Haraka haraka haina baraka. Mwenye kujua sababu ya kitu hakipigi teke kwa hasira. Anajitayarisha jioni, anafika salama asubuhi.

MANENO

Buji: kitu kidogo kinachotoa cheche ndani ya moteri.
Esansi: mafuta mepesi yanayowaka katika moteri, wengine wanasema petroli.
Freni: kitu cha kupunguza mwendo na kusimamisha gurudumu.
Ganzi: hali ya kiungo kisichosikia kitu.
Karibirateri: chombo kinachochanganya hewa na esansi.
Kinga: baisikeli.
Mbabula: jiko la chuma la makala.
Mifuko ya mikono: nguo ya kuvaa vidoleni, wengine wanasema glavu.

MAULIZO

1. Kwa nini usiku wa kiangazi ni wa baridi kuliko usiku wa mvua?
2. Taja sababu tatu zinazoifanya moteri ikatae kuwaka alfajiri.
3. Kifuniko cha hewa kinafanya kazi gani? Kwa nini lazima kirudishwe?
4. Kwa nini seremala anajaza tanki jioni?
5. Ni hewa gani inayoua katika nyumba iliyofungwa? Inatoka wapi? Mtu anaijuaje?
6. Kwa nini vidole vinakufa ganzi kwanza? Hatari yake ni nini?
7. Wakati wa kurudi jioni, jua linalotua liko upande gani? Linampiga seremala wapi? Fikiri kabla ya kujibu.

HESABU

Seremala anakwenda kilomita 30 kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Anasimama dakika 5. Akiondoka saa kumi na mbili kamili, atafika saa ngapi? Atakuwa na dakika ngapi kabla ya kazi kuanza?

MAJARIBIO

1. Lowanisha mkono mmoja kwa maji, acha wa pili mkavu. Vipulize vyote viwili. Mkono gani unasikia baridi zaidi?
2. Asubuhi moja ya baridi shika kipande cha chuma na kipande cha ubao vilivyolala nje. Kipi kinauma zaidi? Chuma kinaondoa joto ya mkono upesi kuliko ubao.
3. Jioni hii, kabla ya kulala, tazama kama mbabula ya nyumbani kwenu iko nje. Kama iko ndani, mwambie baba au mama uliyojifunza leo.