Leseni ya Seva Mpakani: Baina ya "Huria" na "Bure"

Yasemekana kuwa Busia ndiko lilikozaliwa neno bodaboda: waendesha baiskeli waliowavusha wasafiri baina ya vituo viwili vya mpaka waliwaita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, nalo likatwaliwa na Kiswahili. Makala haya yanachunguza neno jingine lenye maana zaidi ya moja mpakani hapo, yaani leseni, na hasara inayoweza kulipata shirika dogo lisilozitenganisha maana hizo.

Kwa mfanyabiashara wa Busia au Malaba, leseni ni karatasi ya serikali ya kaunti, inayolipiwa na kutundikwa ukutani. Leseni ya programu ya kompyuta ni masharti ya mwenye hakimiliki, yenye nguvu ya sheria: nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, nchini Uganda, ile ya 2006.

Tuchukue mfano wa chama kinachowasaidia akina mama wanaovusha nafaka, chenye ofisi Busia ya Kenya, wahudumu 12 na seva moja ya kutunzia kumbukumbu. Kikichagua Windows Server, kitalipia viini vya kichakato, visivyopungua 16 kwa kila seva, kisha kila mtumiaji au kila kompyuta inayoifikia seva hiyo. Mashirika yasiyo ya faida huweza kupata punguzo, ila punguzo haliondoi sharti: chama hakiwezi kukinakilia programu hiyo chama-ndugu cha Busia ya Uganda. Debian, kwa upande wake, imejengwa kwa programu huria, nyingi zikiwa chini ya leseni ya GNU GPL. Hiyo huruhusu kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa, mradi mpokeaji aachiwe haki zizo hizo pamoja na msimbo asilia. Anayeibadili kwa matumizi ya ofisini mwake tu halazimiki kuitangaza.

Hapa Kiswahili kinakipita Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa kisichouzwa na kisichofungwa. Sisi tunayo mawili, bure na huria. Yasikitisha basi kwamba wengi wetu, hata wanafunzi wa isimu, husema "programu za bure". Wadhamini wa chama wakilisikia neno hilo, hawatatenga hata shilingi ya fundi wala ya diski ya akiba. (Tena bure ni pia kitu kisicho na faida!)

Hata hivyo, huria si ahadi ya huduma. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Leseni haikubadilika, marekebisho ya usalama ndiyo yaliyokatika. Kwa hiyo chama kinapaswa kuuliza pia ni nani atakayeihudumia programu, na hadi lini.

Kwa wapenzi wa lugha, haki ya kubadili ina uzito wa pekee. Ndiyo iliyouwezesha mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kwa haki hiyo hiyo, mhudumu wa chama chetu anaweza kuandika upya fomu za seva kwa Kiswahili, kwa Kiteso cha Malaba au kwa Kisamia cha Busia, bila kumwomba mtu ruhusa.