Kundi la kunguru linaitwaje kwa Kiingereza?

Mwalimu wa Kiingereza anajibu maswali ya wasomaji kuhusu nomino za jamii.

Mwanangu amepewa orodha ndefu ya majina ya makundi ya wanyama aikariri. Yote yanatumika?

Hapana, mzazi mwenzangu. Mengi yametoka kwenye kitabu cha uwindaji kilichochapwa St Albans, Uingereza, mwaka 1486. Enzi hizo kijana wa kiungwana alitakiwa kulitaja kila kundi kwa jina lake, asije akaonekana mshamba mbele ya wawindaji. Lakini orodha ile haikuishia kwa wanyama: majaji waliitwa "a sentence of judges", yaani hukumu ya majaji, na wapiga vinubi "a melody of harpers". Utani ulikuwemo tangu mwanzo! "A murder of crows" utalikuta kwenye chemsha bongo. Mkulima wa Kiingereza akiwaona kunguru shambani kwake atasema "flock" tu.

Basi akariri yapi?

Yenye kazi. "Herd" kwa ng'ombe na tembo, "flock" kwa kondoo na ndege, "swarm" kwa nyuki, "pack" kwa mbwa mwitu, "pride" kwa simba, "bunch" kwa ndizi na hata funguo. Ayatungie sentensi, asiyaimbe kama kasuku.

"The team is" au "the team are"?

Marekani husema "is". Waingereza hutumia yote mawili: "is" wakiiona timu kama kitu kimoja, "are" wakiwafikiria wachezaji. Chagua moja, usiibadilishe katikati ya insha. "Police" na "cattle" huchukua "are".

Naruhusiwa kubuni langu?

Tena nakuhimiza. James Lipton, katika kitabu chake cha mwaka 1968, "An Exaltation of Larks", aliyakusanya ya kale akaongeza ya kwake. Usitafute neno lenye maana ya wingi, tafuta tabia. Chukua makondakta wa daladala. "A crowd of conductors" halisemi lolote juu yao. "A noise" linafaa kwa yeyote mwenye kelele. "A shout of conductors" ndilo: unamsikia mtu ananing'inia mlangoni akitangaza Kariakoo. Mpe mwanao mafundi cherehani, mama ntilie na waamuzi wa mpira, uone atakavyochangamka.

Ila kwenye mtihani aandike lile la kamusini. Msahihishaji hatoi alama kwa alilobuni mtahiniwa.