Amekataa kula: tumlazimishe?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kike ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne hapa Maramba. Tangu mwaka jana anapunguza chakula, anadai ni mnene, na sasa amebaki mifupa. Hedhi imekoma. Akiulizwa anasema amefunga. Baba anataka tumshike tumnyweshe uji kwa nguvu. Mama anasema aachwe, ni mtu mzima na akili zake timamu. Tufuate la nani?

JIBU: La baba msilifanye kabisa.

Mwili uliokaa na njaa miezi mingi ukishindiliwa chakula ghafla, hasa cha wanga, madini ya fosfeti hushuka katika damu na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana hospitali huanza na kiasi kidogo na kupima damu mara kwa mara. Tena anayenyweshwa huku akipambana, uji unaweza kumwingia mapafuni.

Kwa mama nina maneno zaidi. Unayoyaeleza yanafanana na anoreksia, ugonjwa wa akili ambao huua. Mgonjwa wake anaweza kupiga hesabu vizuri, kukusomea Kurani bila kukosea, hata kukiri kwamba asipokula atakufa. Kinachoharibika ni kupima: kunenepa kunamtisha kuliko kufa. Na njaa yenyewe huongeza tatizo. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa ajili ya utafiti. Wengi wakawa na huzuni na hasira, wakawaza chakula tu mchana kutwa. Sasa anayesema "niacheni" nyumbani kwenu ni mdogo wako, au ni njaa? Mimi nadhani ni wote wawili, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamuru msichana wa miaka 16 apelekwe hospitali maalumu ingawa alikataa, kwa hoja kwamba ugonjwa huu wenyewe humfanya mtu asitake kupona. Wa kwenu ni mtu mzima, lakini hata hapa Tanzania Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mgonjwa kulazwa bila hiari yake. Inafuata utaratibu na kuhitaji wataalamu. Kamba na wajomba wanne si utaratibu. Wapo waliopona wanaoshukuru kwamba walilazimishwa. Wapo pia ambao hadi leo hawajasamehe, na mara nyingi kinachowauma ni namna walivyotendewa. Nguvu huokoa uhai kwa siku chache. Kupona kunataka akubali mwenyewe, na hilo huchukua muda mrefu.

Kwa hiyo mwombeni kwanza akapimwe, hospitali ya Teule Muheza au ya Bombo Tanga. Kifua kikuu, kisukari, VVU na tezi ya shingoni vyote hukondesha, na hedhi ikikosekana mimba nayo ipimwe, bila kumwaibisha. Mwambieni daktari habari yote, pamoja na hofu ya unene, maana yeye huenda akaificha. Hospitali ya Lutindi kule Korogwe wanalaza wagonjwa wa akili tangu 1904, ila mtu dhaifu hivi moyo na damu yake viangaliwe kwanza.

Akizimia, akivimba miguu, au mapigo ya moyo yakishuka chini ya 40 kwa dakika akiwa ametulia, hapo msisubiri ridhaa. Mpelekeni usiku huohuo, na madaktari ndio waamue.

Kuhusu funga: mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, hata Ramadhani, sembuse sunna. Mtafuteni shehe anayemheshimu amweleze hilo kwa upole. Mkimwambia ninyi, ataona ni ujanja wa kumlisha. Na baba asimsindikize hospitali safari ya kwanza. Aende mama, au wewe.