Dondoo Muhimu: Mkulima wa Chai na Masomo ya Mwanawe

Mkulima mdogo wa Kericho au Bomet, ambaye bonasi ya majani chai humfikia mnamo Oktoba ilhali sare na karo ya sekondari hudaiwa Januari, na atenge fungu la elimu siku ile ile ya malipo, kabla sherehe za Disemba hazijalimaliza. Jioni, stakabadhi ya kituo cha kununulia majani ingali mfukoni, ampe mtoto aisome kwa sauti, ajumlishe kilo za juma zima, kisha azizidishe kwa bei. Hesabu hiyo, kwa rai yangu, yashinda kurasa nyingi za daftari. Pamoja na hesabu hiyo ya jioni, hadithi za Kikipsigis, lugha ya nyumbani, nazo zisiachwe. Na majani yakichipua kwa wingi, tafadhali, mtoto asitolewe darasani akachume.